Nusu ya Dada

Asubuhi dereva alilifunga sanduku kwenye kiti cha nyuma kwa mikanda miwili, akalitikisa kuona kama linacheza, kisha akafuta kioo cha mbele kwa gazeti kuukuu. Sanduku lenyewe halikuzidi boksi la viatu, lakini lilihitaji wanaume wawili kulinyanyua, maana kuta zake zilikuwa za risasi tupu. Ndani mlikuwa na kichupa, na ndani ya kichupa dawa ya kujaza kijiko cha chai. Dawa hiyo ndiyo iliyokuwa mzigo. Gari, mafuta, risasi na dereva vilikuwa kifungashio tu.

Kazini walimwita Nusu Uhai, na wenye haraka zao wakamwita Nusu. Jina alilipata wiki ileile alipoajiriwa. Kwenye njia panda kubwa, trafiki alimsimamisha akamuuliza amebeba nini, naye, kwa kuwa alilelewa kusema kweli, akajibu, "Sanduku la risasi, afande." Hakuwahi kufunga mdomo. Alijikuta kifudifudi kwenye lami, goti la mtu likiwa mgongoni mwake na bunduki zikimwelekea kisogoni. Simu zilipigwa huku na huko mpaka ikathibitika kwamba kuna risasi za kuua na kuna risasi za kukinga, na kwamba lugha, kwa ubahili wake, imezipa jina moja. Wakamwinua, wakamkung'uta vumbi, wakamtakia safari njema. Dawa ilikuwa imeshakufa.

"Siku nyingine usitaje sanduku," alimwonya Mpishi, yule mtaalamu wa kiwandani aliyekuwa akiitengeneza dawa na ambaye hakuna aliyemwita kwa cheo chake. "Taja kilichomo. Sema umebeba dawa, ina nusu uhai, haisubiri."

Kesho yake trafiki alikuwa yuleyule, na Nusu akasema neno kwa neno alivyofundishwa. Trafiki alisimama akalitafakari jambo hilo.

"Nusu uhai si uhai," alisema mwishowe, bila ubaya wowote. "Ungekuwa umebeba uhai mzima ningekupisha. Nusu isubiri. Kawia ufike."

Akamsimamisha mpaka msafara wa Mkubwa ulipopita. Mkubwa alipita hapo kila asubuhi akitoka nyumbani kwenda ofisini, na barabara ilifungwa kabla hajamaliza chai yake, isije ikatokea siku moja akainywa haraka.

Nusu hakuwa na kinyongo. Aliipenda kazi yake, na alipenda kumsikiliza Mpishi, ambaye akishafunga mtambo hupenda kusema. Florini ya kawaida, alisema Mpishi, ile iliyomo kwenye dawa ya meno, haina neno. Inakaa mpaka mwisho wa dunia. Hii yetu imezaliwa na upungufu wa chembe moja katika kiini chake, na upungufu huo haiuwezi. Saa mbili hazitimii, nusu yake imekufa. Hazitimii mbili nyingine, nusu ya iliyobaki imekufa nayo. Uiweke kwenye barafu au juani, uibembeleze au uitukane, mwendo wake ni uleule. Tunaifunga kwenye sukari kwa sababu ugonjwa una njaa kuliko mwili, sukari ikija unakimbilia kula. Kila chembe inapokufa mle ndani inarusha mianga miwili inayokwenda kila mmoja na njia yake, ikipeana mgongo kama ndugu waliogombania urithi, na mashine ya hospitali inaidaka yote miwili na kujua ugonjwa umekaa wapi.

"Na ikishakufa inakwenda wapi?" Nusu aliuliza.

"Inageuka oksijeni. Hewa hiihii unayovuta."

Nusu aliona hayo ni mauti ya heshima. Hakuyafikiria tena mpaka dada yake alipougua.

Dada yake alikuwa fundi cherehani. Ndiye aliyemlea tangu mama yao alipofariki. Alimwogesha, alimsomesha, alimshonea sare kwa vitambaa vilivyobaki vya wateja, hata Nusu akawa mtoto pekee shuleni mwenye kaptura ya rangi mbili. Siku moja, akijipima gauni, futi ya kitambaa ilikwama kwapani juu ya kitu. Alikipima, kama alivyozoea kupima kila kitu. Kilikuwa ukubwa wa punje ya haragwe.

"Sikati bila picha," alisema daktari wa upasuaji. "Nahitaji kujua kama kipo hapo tu au kimesambaa. Wewe mwenyewe ni fundi, mama. Unakata kitambaa kabla ya kupima?"

"Hapo umenena," alisema dada, na akarudi nyumbani ameridhika. Ilikuwa mara ya kwanza daktari kusema naye kama watu wenye kazi moja. Bila picha hakuna kisu, na bila kisu uvimbe ungemmaliza. Hilo lilieleweka na kila mtu, na picha ilikuwa ikitaka kijiko kimoja cha dawa ambacho mdogo wake mwenyewe ndiye aliyekuwa akikileta.

"Basi shida iko wapi?" alisema dada. "Nimepata dawa ya kuletewa na wa nyumbani."

Siku yake ilipofika alikwenda na njaa kama alivyoagizwa, akakaa kwenye chumba cha kungojea. Kilikuwa chumba kidogo kisicho na dirisha, na viti vya kuegemea vilivyofunikwa plastiki, ambako wagonjwa walitakiwa kutulia bila kuzungumza wala kuchezesha mguu, kwa sababu msuli unaojishughulisha huiba sukari. Dada alitulia. Nusu wakati huo alikuwa njia panda, injini ikinguruma, akiutazama mkono wa trafiki. Ving'ora vilisikika mbali, vikakaribia, magari meusi yakapita, yakafuata mengine meusi, halafu gari la wagonjwa lisilo na mgonjwa, halafu pikipiki. Kisha kimya kirefu, maana Mkubwa alikuwa amesahau miwani na msafara uligeuza kuifuata.

Alipofika hospitali alikimbia na kitoroli cha sanduku mpaka jasho likamwingia machoni. Nesi aliipima dawa, akatikisa kichwa.

"Imechoka," alisema. "Hata kidole haitoshi kuonyesha. Mama, urudi wiki ijayo."

Dada alinyanyuka kwenye kiti, na alipokwisha kusimama ilionekana kwamba amebaki nusu. Kimo kilikuwa nusu, upana nusu, hata kivuli chake sakafuni kilikatika pale ambapo kingekatwa na fundi mzuri. Gauni liliburuzika. Nesi alimpa pini alipandishe, akampigia alama kwenye orodha, akamwita mwingine.

"Kwani dawa ilikuwa na nini?" dada aliuliza garini. Sauti nayo ilikuwa nusu, hivyo Nusu alizima redio.

"Dawa ilifika na nusu uhai, dada."

"Basi tulikuwa wawili."

Jioni alifumua pindo za nguo zake zote akazikata upya. Alikata vizuri, na masalio hakuyatupa. Kitu kimoja hakikuwa kimepungua. Alikipima kwa futi mara mbili ili asijidanganye: haragwe lilikuwa haragwe lilelile.

Wiki iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo, na iliyofuata hiyo. Dada hakuwa peke yake. Wagonjwa wengine wa chumba kile walikuwa wakipungua pia, na kwenye mabenchi ya nje ungeona mume kampakata mkewe kama mtoto wa kunyonya, au kijukuu kamleta babu kwenye kikapu cha sokoni. Waliulizana hali, wakajibiana kuwa hawajambo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kuhusu kibaba kinachovuja hawakuacha neno.

Nusu alijaribu kila njia. Alimwomba Mpishi aipike dawa mapema, lakini mtambo ulikula umeme wa mtaa mzima, na kiwanda kilipewa umeme Mkubwa alipokwisha kuoga maji ya moto. Alijaribu barabara ya nyuma, akaikuta imefungwa, kwa sababu wakubwa wadogo nao walikuwa wameanza misafara yao. Alijaribu hata kusema uongo, jambo ambalo dada hakumlea nalo. Alimwambia trafiki amebeba uhai mzima. Trafiki akachungulia sandukuni, akaona maandishi, akamsikitikia.

"Afande, dawa hii ni ya dada yangu," Nusu alisema. "Wa tumbo moja."

"Dada mzima au nusu?"

Hakuuliza kwa dhihaka. Habari zilikuwa zimeshamfikia.

"Kwa sasa ni nusu ya robo," Nusu alisema.

"Unaona sasa," alisema trafiki kwa huzuni, na akaendelea kushikilia mkono wake juu.

Alikwenda kwa mganga mkuu wa hospitali. Mganga mkuu alikuwa mtu mpole mwenye ofisi yenye zulia, akamkaribisha kiti, akamsikiliza mpaka mwisho. Alisema amelichunguza suala la wagonjwa wanaopungua, na kuna habari njema. Kitu kinachopungua nusu kwa nusu hakiishi. Nusu ya kitu ni kitu, na nusu ya nusu yake pia ni kitu, hata ukienda mpaka kiama.

"Kwa hiyo dada yako hayuko katika hatari ya kwisha," alisema. "Nimewaondoa wote kwenye orodha ya dharura. Inatupa nafasi ya kuhudumia watu wazima."

Alimaanisha watu waliokuwa bado wazima, na Nusu alimwelewa hivyo. Alishukuru kwa sababu alilelewa kushukuru, akatoka. Alikuwa mwanamume mwenye leseni ya magari makubwa, na alikaa kwenye ngazi za hospitali akalia kama aliyefiwa, na uchungu ulikuwa huo tu, kwamba hakufiwa, na ameambiwa hatafiwa.

Dada aliendelea kushona mpaka miguu ilipoacha kufikia pedali. Baada ya hapo alishona kwa mkono, akiwa amekaa juu ya meza ya cherehani, halafu ndani ya droo yake, halafu kwenye kopo la vifungo ambalo Nusu alilitandikia pamba. Wateja walichukua vitambaa vyao wakapeleka kwingine, wakiacha salamu. Aliyebaki ni mmoja aliyekuwa na mwanasesere wa binti yake, naye alisifu kwamba tangu azaliwe hajaona kishono kidogo vile. Nusu alimlisha dada kwa ncha ya kijiti. Ili kumsikia ilimbidi aweke sikio mdomoni mwa kopo, na bado alichosikia mara nyingi kilikuwa karipio.

"Umekonda. Unakula?"

"Nakula, dada."

"Na usiendeshe ovyo kwa ajili yangu ukaua watoto wa watu."

"Siendeshi ovyo. Nasimamishwa tu."

"Shati hilo nani kakupigia pasi? Limekunjamana kama uso wa mdeni."

Haragwe halikuguswa na hesabu yoyote. Zamani lilikuwa limejificha kwapani, kisha likawa mzigo wa ubavuni, kisha dada akalala akiliegemea kama mto. Ukafika wakati ambapo haikuwezekana tena kusema kwamba dada ana uvimbe. Uvimbe ndio uliokuwa na dada.

Hewa ya chumba cha kungojea, kwa upande mwingine, ilizidi kuwa nzuri. Nesi ndiye aliyeigundua kwanza. Alikuwa na pumu tangu utotoni, na akiingia mle kufuta viti kifua kilifunguka. Kila wiki dawa ilipofika imechoka na wagonjwa wakanyanyuka wakiwa nusu, ile nusu nyingine ilibaki mle ndani ikiwa hewa safi, baridi kidogo, isiyo na harufu. Wafagizi walikwenda kula chakula chao humo. Wenye pumu wa wodi nyingine waliletwa kwa vigari, wakawekwa pembeni kwa nusu saa, wakarudi mashavu yamenawiri. Mganga mkuu aliagiza mlango uwekewe mpira ili hewa isivuje.

Ikatokea Jumanne moja barabara ilikuwa wazi. Mkubwa alikuwa amepelekwa nje ya nchi kutibiwa mapafu. Nusu alifika njia panda, akakuta trafiki amekaa kwenye ukingo anakula njugu, akapungiwa mkono apite. Hakuamini. Alipita taa zote, akakata kona ya soko, akaingia lango la hospitali dawa ikiwa bado inachemka kwa uhai. Nesi aliipima akapiga kigelegele, halafu akajiziba mdomo kwa sababu ya wagonjwa waliotulia.

Nusu aliliweka kopo la dada, alilokuja nalo garini, kwenye kiti na kulifungua.

Nesi alichukua sindano. Akairudisha akachukua nyembamba zaidi, ile ya watoto njiti. Akainama juu ya kopo na miwani ya kukuzia, akabaki ameinama hivyo kwa muda mrefu. Sindano ilikuwa nene kuliko mkono wa dada. Walimwita daktari wa upasuaji, naye akaja mbio akiwa na kofia yake ya kijani, akatazama, na uso wake ukasawijika. Hakuwa mtu mbaya. Katika habari hii yote ni vigumu kumpata mtu mbaya.

"Picha haina haja tena," alisema. "Uvimbe unaonekana kwa macho. Haukusambaa. Ulikuwa hapo tu siku zote."

"Basi kata," alisema Nusu.

"Nikate nini, ndugu yangu? Nikiuondoa huu, upande wa pili hakuna cha kushona."

Nusu aliweka sikio kwenye kopo ili dada aamue mwenyewe. Alingoja. Dada alisema jambo, na lilikuwa limepungua sana.

"Anasema nini?" daktari aliuliza.

"Anasema umepima kabla ya kukata. Anasema hilo ni sawa."

Daktari aliondoka bila kuaga. Dawa ile, iliyofika hai kwa mara ya kwanza tangu mvua za mwaka jana, walipewa wagonjwa wengine wawili waliokuwa na ukubwa wa kutosha, na picha zao zilitoka vizuri. Dada aliomba asirudishwe nyumbani. Amechoka kubebwa, alisema, na kopo lina joto. Kwa hiyo Nusu alimtoa akamlaza kwenye kiti cha kuegemea, juu ya kipande cha kitambaa cha rangi mbili, na kila asubuhi alipoleta sanduku alipita kumwona. Kwa jicho aliliona haragwe tu. Nesi alipofuta kiti alilizunguka kwa uangalifu. Nusu alipiga magoti, akaweka sikio, akavuta subira. Hakuwahi kusema kwamba hakusikia kitu. Nusu ya kitu ni kitu, na yeye alikuwa amezoea kusikiliza kidogo.

Mkubwa alirudi kutoka nje akiwa hajapona. Madaktari wa huko walikuwa wamemwambia kwamba dawa wanazo, mashine wanazo, lakini mapafu kama yale yanataka hewa ya namna ya pekee ambayo kwao haipatikani. Washauri wake walifanya uchunguzi na kugundua kwamba hewa hiyo imo nchini, tena karibu. Tangu hapo Mkubwa hakwenda tena ofisini asubuhi. Alikwenda hospitali. Wagonjwa wa chumba cha kungojea walihamishiwa kwenye mabenchi ya nje, wakapewa maturubai, na barabara kutoka njia panda hadi lango la hospitali ikafungwa mapema kuliko zamani na kufunguliwa baadaye kuliko zamani.

Nusu alisimama kwenye foleni, wa kwanza, sanduku likiwa kiti cha nyuma. Trafiki alikuja akaegemea dirisha. Walikuwa wameshakuwa watu wa kujuana. Aliuliza habari za nyumbani, akajibiwa nzuri.

"Siku hizi anakwenda kuvuta hewa," alisema trafiki. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Wanasema hewa ya mle inafufua. Jana katoka akitembea mwenyewe, bila fimbo."

"Ni dada yangu ile," alisema Nusu.

Trafiki alivua kofia, akaishika kifuani kwa mikono miwili kama mtu aliyefika msibani, na macho yake yakalowa kweli.

"Pole sana," alisema. "Pole sana, ndugu yangu."

"Anavuta kiasi gani?"

"Yote," alisema trafiki. "Ni Mkubwa."

Ving'ora vilisikika. Trafiki alirudisha kofia kichwani, akaiweka sawa, akaenda katikati ya barabara na kuinua mkono.